Vyama vya biomekanika na kazi ya kukubaliana namna ya kupima

Biomekanika ni taaluma inayochunguza nguvu na mwendo katika miili ya viumbe: mzigo unaolielemea goti mtu anaposhuka ngazi, namna kano ya kisigino inavyovutika wakati wa kukimbia, au kinachofanya nyonga ya bandia ilegee. Wanaoifanya ni madaktari wa mifupa, wahandisi, wataalamu wa michezo na wa wanyama, ambao kwa kawaida hawako idara moja wala hawasomi majarida yale yale. Bila mikutano, wengi wao wasingejua kwamba wanashughulikia swali moja.

Semina ya kwanza ya kimataifa ya taaluma hii ilifanyika Zurich, Uswisi, mwaka 1967, chini ya mtafiti wa biomekanika Jürg Wartenweiler. Katika semina ya nne, iliyofanyika mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kiliundwa Chama cha Kimataifa cha Biomekanika, naye Wartenweiler akawa rais wake wa kwanza. Mkutano mkuu wa chama hicho huitishwa kila baada ya miaka miwili. Chama cha Ulaya kilianzishwa mwaka 1976, na Kongamano la Dunia la Biomekanika, ambalo huja kila baada ya miaka minne, lilianza California mwaka 1990.

Watu wengi hudhani kazi ya vyama hivi ni hotuba na vyeti. Kwa maoni yangu, mchango wao mkubwa ni ule usiopigiwa makofi, yaani kuwafanya watafiti wapime kwa namna moja. Chukua goti. Maabara moja huhesabu mguu ulionyooka kuwa nyuzi 0, nyingine huuhesabu kuwa nyuzi 180, hivyo goti lile lile likikunjwa kidogo huandikwa 20 huku na 160 kule. Hilo ni rahisi kurekebisha. Ugumu huanza mtafiti anapotaka kueleza mwendo wa pande zote tatu, kwa sababu hapo lazima aamue mihimili ya mfupa, yaani mistari ya kufikirika ambayo mwendo hupimwa kwayo, ipite wapi, na akiisogeza kidogo tu, sehemu ya mkunjo huonekana kana kwamba mguu umejipinda, ingawa mgonjwa hakufanya kitu kama hicho.

Kwa ajili hiyo Chama cha Kimataifa kilitoa mapendekezo mwaka 1995: mhimili wa X uelekee mbele, Y juu na Z kulia. Mwaka 2002 yakafuata ya kifundo cha mguu, nyonga na uti wa mgongo, na mwaka 2005 ya bega, kiwiko na mkono, yakitaja hadi alama za mifupa zinazopaswa kupapaswa kwa vidole kabla ya kipimo.

Mapendekezo ya aina hii hayapatikani kwa barua peke yake. Mikutanoni, mtafiti kijana husimama kando ya bango linaloeleza utafiti wake, na mtu mwenye uzoefu huweza kumuuliza vialama, yaani vitu vidogo vinavyowekwa juu ya ngozi ili mwendo ufuatiliwe, vilibandikwa wapi hasa na ngozi iliteleza kiasi gani juu ya mfupa, maswali ambayo ukumbini, penye dakika chache za majadiliano, hayapati nafasi. Wala mapendekezo hayo si sheria: maabara yaweza kutumia mihimili mingine, mradi iieleze waziwazi ili wengine waweze kubadilisha takwimu zake na kuzilinganisha na zao.