Kiharusi na "kusafisha tumbo"

Mjini Moshi, mgonjwa wa kiharusi hakawii kuletewa unga wa mitishamba wa kuendesha, "asafishwe tumbo", eti bakteria wa humo ni uchafu mtupu. Sivyo. Wengi wao huchachusha nyuzinyuzi za maharage na ndizi za kiburu, wakatoa asidi zinazosaidia kulinda ukuta wa utumbo. Nao utumbo huwasiliana na ubongo kupitia neva ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu utokao kwenye ubongo hadi tumboni. Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, kwa mfano, mara nyingi hutanguliwa na kukosa choo, miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka. Kwa panya waliopata kiharusi, kubadili bakteria hao kumeonekana kubadili hata ukubwa wa jeraha la ubongo. Kwa binadamu, hiyo bado si tiba. Ila mgonjwa akiendeshwa hupoteza maji na chumvi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo atamkuta hana nguvu ya kunyanyuka.