Kwa nini dhoruba huulaza mkorosho na kuuacha mnazi umesimama?

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotua Mafia, watu wa Dar es Salaam wenye mashamba Mkuranga na Kigamboni walikuwa na haki ya kuiwazia mikorosho kuliko minazi.

Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne. Mnazi hauna matawi. Makuti hulala upande upepo uendako, shina la nyuzinyuzi hupinda, na chini mizizi myembamba kwa maelfu imeshika mchanga. Mkorosho hupokea upepo kama tanga: majani mwaka mzima, matawi yametanda hadi karibu na ardhi. Masika yakishalainisha udongo, mti mzima unang'oka. (Mnazi nao una kikomo, dhoruba ya Aprili 1872 iliifyeka minazi ya Unguja pamoja na mikarafuu.)

Dawa ni kuupa upepo njia. Wengi hufikiria kujenga ukuta, lakini ukuta huurusha upepo juu, nao hushuka upande wa pili ukizungukazunguka na kuvunja miti ya ndani. Safu ya miti inayopitisha karibu nusu ya upepo, mathalani mivinje kama ile ya ufukweni, hupunguza kasi kwa umbali wa mara 10 ya urefu wake au zaidi. Mivinje ya mita 15, basi, hukinga mita 150 hivi. Panda zaidi ya upande mmoja, maana upepo wa kimbunga hugeuka kadiri kinavyopita. Safu inayoelekea kusi peke yake haitoshi.

Kupogolea nako ni kuupisha upepo. Mavuno yakiisha, kabla masika hayajashika, toa matawi makavu, yaliyosongamana, na yale yaliyobanana kwenye panda, kwa sababu hayo ndiyo hupasuka kwanza.

Kosa gumu kurekebisha huanzia kitaluni. Mche uliokaa mno kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea) hukunja mzizi mkuu, na mti wake huyumba hata ukiwa mkubwa. Miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo (kijitawi) cha mti mwingine, huzaa mapema, sibishi, ila ichukue ingali michanga.

Dhoruba ikishapita, mti mdogo ulioinama unyanyue udongo ungali na maji, fukia mizizi, uegemeze nguzo. Tawi lililovunjika likate kwa msumeno, pawe laini. Mkorosho huchipua tena, na machipukizi hayo unaweza kuyabebesha vikonyo vya mti unaozaa vizuri.