Barua pepe iliyosimbwa: ufunguo anao nani?

"Barua pepe zetu zimesimbwa, tuma tu mkataba." Kauli hii imezoeleka mno kwenye biashara. Ukimdadisi anayeisema, mara nyingi utakuta ana maana ya alama ya kufuli anayoiona kwenye kivinjari, au kwamba akaunti yake ina nywila ngumu. Vyote viwili ni vya lazima, lakini hakuna hata kimoja kinachohakikisha kwamba mkataba huo utasomwa na mlengwa peke yake.

Kusimba ni kuyageuza maandishi kwa hesabu maalumu yawe mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiosomeka, ambao ni mwenye ufunguo tu anayeweza kuurudisha katika hali yake. Basi. Watu hawapotei hapo. Wanapotea kwenye swali linalofuata, la nani ameushika huo ufunguo.

SMTP, utaratibu ambao seva (kompyuta za watoa huduma zinazopokea na kuhifadhi barua) hutumia kupokezana barua, ulichapishwa mwaka 1982 bila usimbaji wa aina yoyote. Barua ilipita wazi kama kadi ya posta. Mwaka 1999 ukaja utaratibu wa nyongeza uitwao STARTTLS, unaoziwezesha seva mbili kukubaliana kusimba mazungumzo yao. Kwa hiyo leo barua yako husimbwa kutoka kwenye simu hadi kwa mtoa huduma wako, na hapo inasimbuliwa, yaani inarudishwa kuwa maandishi ya kawaida. Kisha husimbwa tena kuelekea seva ya mpokeaji, ambako nako inasimbuliwa. Seva ya upande wa pili isipoukubali utaratibu huo, mara nyingi barua hutumwa wazi hivyo hivyo, na wewe mtumaji usijue.

Ona basi barua inalala wapi. Inalala kwenye seva, na hata kama diski za seva hiyo zimesimbwa, ufunguo anao mwenye seva. Anaweza kuisoma yeye, msimamizi wa mfumo aliyepewa ruhusa, mwizi aliyepata nywila yako, au yeyote anayekuja na amri halali ya mahakama. Ulinzi wa namna hii ni ulinzi wa njiani. Una thamani yake, hasa unapotumia Wi-Fi ya watu wengi, ila unaishia pale barua inapofika kituoni.

Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho ni kitu kingine kabisa: barua husimbwa kwenye kifaa cha mtumaji na kusimbuliwa kwenye kifaa cha mpokeaji tu. Msingi wake ni wazo walilolichapisha watafiti wa usimbaji Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976: kila mtu awe na funguo mbili, wa umma anaougawa kwa yeyote, na wa siri asioutoa kamwe. Kinachosimbwa kwa ufunguo wako wa umma hufunguka kwa ufunguo wako wa siri tu. Mwaka 1991 Phil Zimmermann aliliweka wazo hilo mikononi mwa watu wa kawaida kwa programu ya PGP, na serikali ya Marekani ikamchunguza kwa miaka kadhaa, kwani wakati huo usimbaji imara ulihesabiwa pamoja na silaha zisizouzwa nje bila kibali. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1996 bila mashtaka. Hayo yanatosha kuonyesha kuwa jambo hili halijawahi kuwa pambo la matangazo.

Leo njia kuu ni mbili. S/MIME hutumia cheti cha kidijitali kinachotolewa na mamlaka ya vyeti, yaani taasisi inayothibitisha kwamba ufunguo ni wa mtu fulani, na imezoeleka kwenye kampuni kubwa. OpenPGP, kanuni za wazi zilizotokana na PGP, hukuacha utengeneze funguo mwenyewe; programu ya barua pepe ya Thunderbird inayo ndani yake tangu toleo la 78 la mwaka 2020. Unatengeneza jozi ya funguo, unahifadhi nakala ya ule wa siri nje ya kompyuta hiyo, unampelekea mshirika wako ule wa umma, naye anakuletea wake. Ukiupoteza ufunguo wa siri bila nakala, barua zote za nyuma zimepotea nao. Hakuna wa kumpigia simu akurudishie.

Hatua ambayo wengi huiruka ndiyo yenye uzito kuliko zote: kuhakiki. Kila ufunguo una alama yake ya utambulisho, kwa kawaida tarakimu na herufi 40 zilizopangwa nne nne. Mpigie mshirika wako kwa namba unayoifahamu, msomeane alama hizo moja baada ya nyingine. Bila hivyo unaweza kuwa unasimba kwa uangalifu mkubwa ukitumia ufunguo wa tapeli.

Chunga pia kichwa cha barua. Jina la mtumaji, la mpokeaji na saa ya kutuma hubaki wazi hata barua ikisimbwa. Programu nyingine huificha mada, nyingine hazifanyi hivyo. Ukiandika kwenye mada "Bei yetu ya mwisho ya kununua hisa", siri imeshatoka kabla kiambatisho hakijafunguliwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia barua zake zimesimbwa, muulize kwa upole kama mtoa huduma wake anaweza kuzisoma. Akijibu ndiyo, au akisita, basi barua hizo zimelindwa njiani, na tuziite hivyo.