Shanga mkononi, macho kwa mtoto

Kuhesabu pumzi za mtoto mgonjwa ni kazi ya macho. Unamfunua kifua, unakitazama kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, naye awe ametulia. Akiangua kilio, unaanza upya. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 akifikisha 40, nimonia inashukiwa. Sasa mpe mhudumu wa afya ya jamii simu, umwambie abonyeze skrini kwa kila pumzi. Atamtazama nani, mtoto au simu?

Kazi yangu ni kubuni vifaa vya kompyuta vya kushikwa na kupapaswa, vya watu wanaotibu nyumba kwa nyumba. Fani yenyewe ina umri wake. Mwaka 1992 Durrell Bishop alibuni mashine ya kupokea ujumbe wa simu ambamo kila ujumbe ni gololi: unaiokota, unaiweka mahali pake, unasikiliza. Mwaka 1997 Hiroshi Ishii na Brygg Ullmer wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, wakaiandikia fani hiyo nadharia. Ila wengi wetu tumezoea kubunia mezani. Kisauni au Likoni, huku Mombasa, mhudumu anafanyia kazi juu ya mkeka, mtoto yuko pajani mwa mamake, na jasho linamtiririka. Skrini ya simu huhisi umeme wa kidole, na tone la jasho nalo huhisiwa vilevile, basi inajibonyeza ovyo.

Shanga za kuhesabia pumzi zilikuwepo kabla yangu: pumzi moja, shanga moja, na rangi inabadilika kwenye kiwango cha hatari. Kila kundi la umri lina mshipi wake. Mimi nimeongeza kishikio cha mkononi tu. Kinatetemeka dakika ikianza, kinatetemeka ikiisha, na kila shanga ina sumaku ndogo inayohesabiwa inapopita. Nambari inaingia kwenye simu baadaye, mtoto akishafunikwa.

Kuna aliyetaka taa nyekundu iwake hatari ikionekana. Nilikataa katakata. Ploti ya Kiswahili, nyumba ya vyumba vya kupanga, ina ua mmoja na milango sita. Taa ikiwaka, jirani ameshajua kabla ya baba wa mtoto. Mtetemo anaujua aliyeshika kishikio, basi.

Na si kila kitu kitiwe betri. Tepi ya kupimia mkono wa mtoto, ile ambayo nyekundu yake, ya utapiamlo mkali, ni chini ya sentimita 11.5, naiacha kama ilivyo. Inasomeka gizani kwa tochi, na ikichakaa inabadilishwa.

Kinachonisumbua sasa ni usafi. Shanga zinafutwa kwa spiriti kila baada ya mtoto mmoja, lakini uzi wa pamba unanyonya uchafu. Nimehamia mshipi wa nailoni, ule wa wavuvi. Unafutika vizuri, ila unateleza, na shanga mbili hupita pamoja zikahesabiwa moja. Nitajaribu kuzichonga shanga ziwe na pembe.