Farasi wa klabu aanzie shambani

Klabu ya vijana kijijini ikitangaza mafunzo ya kupanda farasi, wanaojiandikisha hufurika. Ikitangaza somo la malisho au mbolea, wanakuja wachache, tena kwa kusukumwa. Mimi hufundisha yote mawili, na huwa nawasihi viongozi wa vilabu waache kuyatenga. Kila anachokula farasi kimetoka shambani, na sehemu kubwa yake hurudi shambani ikiwa samadi. Kijana aliyevutwa na hamu ya kwenda shoti anaweza kujifunza kilimo kwa undani kuliko aliyekalishwa darasani, mradi ratiba ipangwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Hata chimbuko la vilabu hivi ni shamba. Mwaka 1902, katika Kaunti ya Clark, jimbo la Ohio nchini Marekani, mkuu wa shule A. B. Graham aliwakusanya watoto wa wakulima wajaribu kulima mahindi na mboga wao wenyewe, na hapo ndipo inapohesabiwa mizizi ya 4-H, mtandao wa vilabu vya vijana wa Marekani. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wameona kwamba wakulima watu wazima walisita kupokea mbinu mpya, ilhali watoto walikuwa tayari kuzijaribu, na wazazi wakishaona mavuno, mabishano yanapungua. Sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914 ikajenga huduma ya ugani ya nchi nzima, na vilabu vikapata makao humo. Pony Club ya Uingereza, klabu ya vijana wapanda farasi iliyoanzishwa 1929, ilianzia upande wa farasi, lakini nayo humpima kijana kwa utunzaji wa mnyama pamoja na upandaji wake.

Kwangu, vikao vya mwanzo hakuna anayepanda. Tunaanza kwa kumkaribia farasi: unamsemesha kwanza, unamjia kwa pembeni kuelekea bega la kushoto, husimami nyuma yake. Macho yake yapo ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na eneo dogo mbele ya paji la uso. Anayemshtua kutoka nyuma ndiye anayepigwa teke.

Kisha tunapima. Kijana anapapasa chini ya taya hadi vidole vikutane na mshipa unaodunda, anahesabu. Farasi mzima aliyetulia hupiga mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, na joto lake huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Anayejua hali ya kawaida ndiye anayetambua mapema maumivu ya tumbo, ugonjwa unaoua farasi wengi. Farasi hawezi kutapika. Kilichomdhuru hakirudi juu, ndiyo maana namwita daktari wa mifugo mara moja, sisubiri kuona kama atapata nafuu.

Kwato nazo zina somo lake. Ukiinua mguu na kukwangua uchafu kutoka kisigino kwenda mbele, wakati mwingine pua hupokea habari kabla ya macho: harufu ya kuoza na ute mweusi kwenye mifereji ya unyayo. Hapo simwambii kijana chanzo chake, namwomba aingie bandani apige goti aguse sakafu. Karibu kila mara atakuta matandiko yamelowa.

Lakini somo ninalolipenda kuliko yote ni la nyasi. Farasi wa kilo 500 huhitaji chakula kikavu cha takriban asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 10. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya tani 3.6. Vijana huitaja namba hiyo bila kushtuka mpaka watoke nje na fremu ya mita moja kwa mita moja. Wanaiweka juu ya malisho, wanakata nyasi zote zilizo ndani, wanazikausha, wanazipima kwenye mizani ya jikoni. Tuseme zimetoka gramu 400. Hekta moja ina mita za mraba 10,000, kwa hiyo mkato huo unatoa tani 4. Ghafla wanaelewa kwamba mnyama mmoja anaweza kumaliza karibu mavuno yote ya hekta nzima. Maswali yanayofuata huwa ya kilimo hasa: tungepanda mikunde pamoja na nyasi? Tukikata kabla ya kuchanua tunapata nini? Kwa nini kona ile haina kitu?

Ukaushaji haufundishiki kwa maneno matupu. Kila mmoja anachukua konzi ya nyasi na kuzisokota. Zikikatika kwa mlio mkavu, ziko karibu kuwa tayari. Zikijikunja kimya, bado zina maji. Nyasi zilizofungwa mbichi huota ukungu unaoharibu mapafu ya farasi, na zikirundikwa kwa wingi hupata joto lenyewe hadi kuwaka moto na kuteketeza ghala. Kijana anayesikia hilo huku ameshika nyasi mkononi hatafunga mapema kwa haraka ya kwenda kupanda.

Upandaji wenyewe sina mengi ya kuusemea hapa. Kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, kiatu chenye kisigino ili mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, mtu mzima ameshika kamba. Uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi takriban asilimia 20 ya uzito wa farasi, kanuni inayotumiwa sana.

Samadi ndiyo inayoifikisha klabu kwa majirani. Farasi mmoja, pamoja na mkojo wake, hutoa takriban tani 8 kwa mwaka. Tunairundika kimo kisichopungua mita moja, yenye unyevu kama sifongo iliyokamuliwa, na tunaigeuza ili ya nje iingie ndani. Katikati ikifika nyuzi 55 hadi 65 na kukaa hapo siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu na mayai ya minyoo hufa. Ikijaa maranda ya mbao, tunaiacha zaidi, kwani maranda yasiyooza hunyang'anya mimea naitrojeni.

Siku ya maonyesho, badala ya mabango, tunaandaa vitalu viwili vya mboga ileile, kimoja kimewekwa mboji na kingine hakina, na aliyeigeuza mboji ndiye anayejibu wakulima. Ni lazima pia aweze kueleza jaribio la vyungu. Baadhi ya viuagugu vya malisho, hasa aminopiralidi, hupita tumboni mwa farasi bila kuvunjika, vikabaki kwenye samadi na kuharibu maharage, nyanya na viazi vya mtu asiye na hatia. Kwa hiyo tunapanda maharage kwenye vyungu vyenye mboji yetu na vingine vyenye udongo mtupu, tunalinganisha majani machanga kwa wiki tatu hivi. Yakijikunja na kusokoteka kwenye mboji tu, rundo lote linabaki kwetu na tunalirudisha kwenye malisho ya nyasi. Yakiwa sawa, ndipo mifuko inafunguliwa na majirani wanaitwa kuja kuchukua.