Dhana potofu ambazo waandishi wa habari huingia nazo kwenye mafunzo ya jinsia

Mafunzo ya uandishi wa habari unaozingatia jinsia yanapotangazwa Kigoma au Tabora, orodha ya washiriki peke yake huwa tayari ni somo. Mara nyingi redio humtuma mtangazaji wa kike anayeendesha kipindi cha familia, gazeti nalo humtuma mwandishi wake wa kike, huku waandishi wa siasa, michezo na mahakama wakibaki kazini kwa maelezo kwamba mada hiyo haiwahusu sana. Dhana kwamba jinsia maana yake ni wanawake ndiyo mama wa dhana nyingine nyingi, kwa hiyo inafaa kuanza nayo.

Kiswahili cha kitaalamu hutofautisha jinsi, yaani maumbile ya kike au ya kiume ambayo mtu huzaliwa nayo, na jinsia, yaani majukumu, mamlaka na matarajio ambayo jamii huwagawia wanawake na wanaume kwa sababu ya maumbile hayo. Kwa maana hiyo, mvulana anayefanyishwa kazi katika shamba la tumbaku kule Sikonge kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa msimu ni habari ya jinsia kamili, kwa kuwa jamii inamhesabu kuwa "mwanamume tayari" na kwa hesabu hiyo utoto wake hauonekani. Vivyo hivyo kwa mvulana aliyefanyiwa ukatili wa kingono. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaeleza kosa la kubaka kuwa ni la mwanamume dhidi ya msichana au mwanamke, na anapodhuriwa mvulana mashtaka hufunguliwa chini ya vifungu vingine, kikiwamo cha kulawiti. Mwandishi wa mahakama asiyelijua hilo ama huandika shtaka ambalo halikusomwa mahakamani, ama huiacha habari kwa kuona kwamba ukatili wa aina hiyo hauwapati wavulana. Huyu ndiye aliyeachwa nje ya orodha ya washiriki.

Dhana ya pili nimeisikia kwa watu wanaokipenda Kiswahili, na ndiyo maana inahitaji kujibiwa kwa heshima. Husema hivi: lugha yetu haina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, hakimu ni hakimu na mvuvi ni mvuvi, basi mambo ya lugha yenye upendeleo ni ya lugha za wenzetu. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli tupu. Ngeli ya M-WA haimbagui mtu kwa jinsi yake, na hilo ni jambo la kujivunia. Upendeleo katika Kiswahili haukai kwenye viwakilishi. Umejificha kwenye vitenzi, hasa vile vya kutendwa, na kwenye majina ya heshima.

Tazama kitenzi "kuoa". Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na katika habari ya ndoa ya utotoni mwandishi huandika kwamba msichana wa miaka 14 "ameolewa", kisha sentensi inafungwa bila aliyemwoa, bila waliopokea mahari na bila waliokula pilau ya harusi. Tazama pia "kupata mimba". Kichwa cha habari kinachosema wanafunzi kadhaa wamepata mimba katika wilaya fulani humfanya msomaji aione mimba kama malaria, kitu kinachomwingia mtu kutoka hewani, ilhali kila mimba ina mwanamume nyuma yake na sheria ina jina la alichokifanya. Kwa mtoto wa miaka 14 ridhaa si utetezi wa kosa la kubaka, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Mwandishi anayesema mtuhumiwa "alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi" amepunguza uzito wa shtaka kabla hakimu hajatoa hukumu, na amefanya hivyo kwa neno moja tu, mapenzi.

Neno hilohilo hujitokeza tena katika habari za mauaji. Mke ameuawa, polisi wametoa taarifa, na chanzo kinatajwa kuwa ni "wivu wa mapenzi". Swali ambalo mkufunzi mzuri huwauliza washiriki hapo ni jepesi: nani kasema? Aliyekufa hawezi kusema. Maelezo ya wivu kwa kawaida yametoka kwa mtuhumiwa mwenyewe au kwa ndugu zake, yakapita kwa askari, yakaandikwa gazetini kana kwamba ni matokeo ya uchunguzi. Anayeyataka maelezo hayo na ayaandike, lakini ayanukuu kuwa ni ya nani, na aende mbele kuuliza kama marehemu aliwahi kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa wazazi au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, pamoja na kasoro zake nyingine, inasema katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kwa hiyo kipigo hakiwi "ugomvi wa kifamilia" eti kwa kuwa kimetokea ndani ya nyumba ya wanandoa.

Kuhusu majina ya heshima nitasema machache. Kumwita kiongozi "mama" si tusi, na katika salamu ni adabu yetu. Tatizo huanza pale ambapo katika habari moja waziri mwanamume anaitwa Dkt. au Mhandisi, na waziri mwanamke mwenye shahada kama hiyo anaitwa mama, halafu aya inayofuata inaeleza rangi ya kilemba chake. Hata "mhanga" ni neno la kulitumia kwa uangalifu, kwa kuwa asili yake ni kafara, kama tunavyosema kujitoa mhanga. Aliyefanyiwa ukatili hakujitoa popote. Mwathirika linatosha, na kwa aliyepona na kuendelea na maisha wengi hupendelea manusura.

Ipo dhana nyingine ambayo wanaoitoa huamini kabisa kwamba wameipata kwa uzoefu: wanawake wa huku hawapendi kuhojiwa, ukiwasogezea kinasa sauti wanakimbia au wanakuelekeza kwa mume. Ni kweli wengi hukataa. Lakini hebu tutazame mazingira wanayokatalia. Mwandishi anafika mwalo wa Kibirizi au Katonga, kwenye Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, asubuhi, wakati ambapo mitumbwi imerudi alfajiri na wanawake wameshanunua dagaa na wako mbioni kuwaanika kabla jua halijakolea na kabla mawingu hayajasogea, kwa maana mvua moja hula mtaji wa wiki nzima. Anakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni, ambaye mara nyingi ni mwanamume, anapewa maelezo marefu, kisha anamgeukia mwanamke mmoja, mbele ya mwenyekiti huyohuyo na wanaume sita waliosimama wakisikiliza, na kumuuliza kwa Kiswahili cha redio: "Mama, unajisikiaje?" Mimi mwenyewe ningekimbia.

Mwandishi aliyefundwa vizuri hupanga vingine. Huenda siku moja kabla bila kamera, huuliza muda ambao kazi imepungua, huzungumza pembeni na hakatai kuzungumza Kiha kama ndiyo lugha iliyo nyepesi kwa mwenzake, na huuliza maswali ambayo mjibuji ni mtaalamu wake: ndoo moja ya dagaa wabichi imenunuliwa kwa bei gani leo, baada ya kukaushwa inabaki kiasi gani, nani anamkopesha mtaji, na ziwa likifungwa anakula nini. Swali hilo la mwisho si la kubuni. Tanzania ilipositisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, walioathirika hawakuwa wavuvi peke yao, bali hata waanikaji na wauzaji, ambao wengi ni wanawake na hawamiliki mtumbwi wala wavu. Habari inayotaja wavuvi tu imekosea hata kabla ya kuingia kwenye mjadala wa haki, kwa sababu imeeleza nusu ya uchumi wa mwalo na kuuita uchumi wote.

Tabora mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Katika mikutano ya vyama vya msingi vya tumbaku huko Urambo na Kaliua, mwenye kadi ya uanachama mara nyingi ni mume, na kwa hiyo ndiye anayehesabiwa kuwa mkulima. Mke aliyepalilia, aliyefunga majani na aliyekesha akichochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, hana jina kwenye karatasi ya malipo. Mwandishi akiridhika na orodha ya chama kama orodha ya wakulima, ataandika kwa uaminifu mkubwa jambo ambalo si kweli. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, kuna tahadhari ya ziada: mkalimani. Mwanamke anayeeleza ukatili mbele ya mkalimani ambaye ni jirani yake kambini haelezi kwa mwandishi tu, anaeleza kwa kambi nzima.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni uanaharakati, na kwamba mwandishi anayezingatia jinsia ameacha uwiano. Ninaelewa hofu hiyo, maana baadhi ya semina zimefundisha kaulimbiu badala ya kazi. Lakini uwiano hupimwa. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, unaohesabu sauti katika habari za siku moja kila baada ya miaka mitano, ulikuta mwaka 1995 kwamba wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaosikika, kusomwa au kuonekana katika habari duniani. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Robo karne imeongeza pointi nane. Hapa Tanzania sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wanawake kuwa asilimia 51 ya watu wote, na chumba cha habari ambacho robo tatu ya sauti zake ni za wanaume kina kazi ya kutueleza uwiano wake uko wapi. Wala kuzingatia jinsia hakumfanyi kila anayelalamika kuwa msema kweli. Mtuhumiwa hubaki mtuhumiwa mpaka mahakama iseme, na jina lake, hoja zake na haki yake ya kujibu hubaki palepale.

Dhana hatari kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayodai kwamba ukishaficha jina umemlinda mtoto. Gazeti huandika: "mwanafunzi wa darasa la sita, jina limehifadhiwa", kisha linataja shule, kitongoji, kazi ya baba na kwamba mtuhumiwa ni mjomba anayeishi nyumba ileile. Katika kijiji cha wilaya ya Buhigwe au Uyui, hakuna asiyejua ni nani kabla hajamaliza kusoma. Picha ya mgongoni yenye sare ya shule hufanya kazi hiyohiyo, na sauti isiyobadilishwa redioni pia, kwa kuwa jirani humtambua mtu kwa sauti kuliko kwa sura. Hili si suala la huruma peke yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 186(3), inaagiza ushahidi katika kesi za makosa ya kujamiiana usikilizwe faraghani, na inakataza ushahidi huo na mashahidi kutangazwa na magazeti au vyombo vingine vya habari. Mwandishi anayetaka kuripoti kesi ya namna hiyo ana mambo ya kutosha ya kuripoti: shtaka, hatua ya kesi, sababu za kuahirishwa na hukumu.

Kwamba kuajiri waandishi wanawake kunamaliza tatizo ni dhana isiyohitaji maneno mengi: wanawake wengi wamesoma vyuo vilevile, wanatumikia wahariri walewale na wanaandika "wivu wa mapenzi" vilevile. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987, kisingalihitaji kuendesha mafunzo kwa miaka yote hii kama kuwa mwanamke kungetosha.

Na kuhusu dhana kwamba semina ya siku mbili, posho na picha ya pamoja vinatosha kubadilisha habari, ugumu hauko kwa washiriki. Mwandishi wa Kasulu anaweza kurudi na habari nzuri ya msichana aliyezaa na kurejea darasani, jambo ambalo serikali iliruhusu kwa tangazo la Novemba 2021, halafu dawati la habari lililoko Dar es Salaam likaipa kichwa kinachosema mimba imezima ndoto yake na kuiwekea picha ya tumbo. Mwandishi hakuulizwa, na aliyeandika kichwa hicho hajawahi kualikwa kwenye mafunzo.