Punda, shayiri na swali la haki

Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo la falsafa ya maadili, wanafunzi wangu huja na jina moja kichwani: Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Wamesoma mahali kwamba kabla yake watu walifuata mila na amri tu, na kwamba kufikiri kuhusu mema na mabaya kulianzia Athens. Siku hiyo Socrates simtaji kabisa. Naanza na punda.

Punda huyo ni wa Khunanup, mhusika wa hadithi ya kale ya Misri, mtu wa bonde la chumvi lililoko magharibi ya mto Nile, ambalo leo linaitwa Wadi Natrun. Ghalani kwake shayiri inaelekea kwisha. Anamwomba mkewe apime iliyobaki, abaki na ya kulisha watoto na amtengenezee yeye masurufu ya njiani, kisha anapakia punda magadi, chumvi, matete na ngozi, anashika njia kwenda kutafuta nafaka. Njiani yupo Nemtynakht, mtumishi wa ofisa mkubwa, na macho yake yametua kwenye ile mizigo. Njia pale ni nyembamba: upande huu maji, upande huu shamba la shayiri. Nemtynakht anatandika shuka katikati, pindo moja likigusa maji na jingine likigusa shayiri, halafu anamwonya mpita njia asiikanyage nguo yake. Khunanup anawapandisha punda pembeni. Mmoja anajaza mdomo shayiri.

Basi, kisa kimepatikana. Punda wote wanachukuliwa, mwenyewe anachapwa kwa fimbo mbichi, na anapolia anaambiwa anyamaze. Huwa nawasomea wanafunzi jibu lake kwa sauti, kwa sababu nalipenda sana: umenipiga, umeninyang'anya mali yangu, na sasa unataka kuninyang'anya hata kilio changu?

Hadithi hii iliandikwa Misri takriban mwaka 1850 KK, karibu miaka 1,400 kabla Socrates hajazaliwa. Nakala zake za mafunjo, yaani karatasi za matete za Misri ya kale, zimehifadhiwa Berlin na London. Anayeitafuta falsafa humo asiishie kwenye kisa, asome hotuba. Khunanup anakwenda kumshtaki Nemtynakht kwa bosi wake, Rensi, na anarudi mara tisa. Mara ya kwanza anamsifu: wewe ni baba wa yatima, mume wa mjane. Rensi hajibu. Maafisa wenzake wanaona jambo lenyewe dogo. Mtu ataadhibiwaje kwa magadi kidogo na chumvi kidogo? Ndipo sifa zinapogeuka kuwa hoja. Ulimi wako ndio timazi, anamwambia, moyo wako ndio jiwe la kupimia, midomo yako ndiyo mikono ya mizani. Sasa mizani ikiinama, nani atapima? Mgawaji akiwa ndiye mnyang'anyi, mwenye njaa aende wapi? Kwa maneno hayo anachapwa tena, safari hii kwa mijeledi, na bado anarudi.

Hapo kuna hoja nzito. Khunanup haombi huruma, wala hasemi tu kwamba sheria imevunjwa. Anasema cheo chenyewe ni wajibu: aliyewekwa kulinda akinyamaza, ukimya wake ni tendo, na ni tendo baya kuliko la mwizi. Neno analolishikilia ni maat. Wataalamu huhangaika kulitafsiri, maana lina ukweli, uadilifu na mpangilio mwema wa dunia kwa pamoja. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhangaiki sana. Neno letu haki lilizaliwa katika Kiarabu likiwa na maana ya ukweli na stahili pamoja, na mtu wetu akisema "nataka haki yangu" anadai mali yake na anadai pia kwamba lililotokea litambulike kuwa limetokea. Khunanup alitaka yote mawili.

Babeli nitaipitia haraka, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi. Nguzo ya Hammurabi, jiwe jeusi lenye urefu wa mita 2.25 lililofukuliwa Susa, katika Iran ya leo, mwaka 1901 na sasa liko katika makumbusho ya Louvre, Paris, inatangaza mwanzoni kwamba mfalme amewekwa ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge. Maneno mazuri. Lakini ukishuka kwenye vifungu unakuta jicho la mtu wa daraja la juu linalipwa kwa jicho, na jicho la mtu wa kawaida linalipwa kwa fedha.

Je, Wagiriki walileta nini? Walileta kitu kikubwa, na mwanafunzi akitoka darasani kwangu akiwadharau, nitakuwa nimeshindwa kazi. Katika mazungumzo yaitwayo Euthyphro, yaliyoandikwa na Plato, mwanafunzi wa Socrates, Socrates, ambaye naye ameshtakiwa na atauawa mwaka huohuo wa 399 KK, anakutana na Euthyphro aliyekuja kumshtaki baba yake mzazi. Kibarua wao huko kisiwani Naxos alilewa akamchinja mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa mtaroni, akatuma mtu Athens kuuliza afanyweje. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua alikufa kwa njaa na baridi.

Socrates anauliza: utauwa ni nini hasa? Euthyphro anajibu kwamba ni kile miungu inachokipenda. Ndipo linakuja swali ambalo sijaliona popote kabla ya hapo: miungu inakipenda kwa sababu ni chema, au ni chema kwa sababu inakipenda? Khunanup alijua maat ni nini na akadai itendwe. Socrates anadai sababu ya wema wenyewe, na hakubali amri ya yeyote, hata ya mbinguni, isimame mahali pa sababu hiyo.

Ila sikiliza kinachompata kibarua. Mwanzoni yumo, tena Euthyphro anatoa kauli safi kabisa kwamba haidhuru aliyekufa ni ndugu au mtu baki. Kisha tafsiri ya neno inachukua nafasi, na mtu wa mtaroni anafifia. Mazungumzo yanakwisha Euthyphro akidai ana haraka. Kesi ya marehemu hatujui iliishaje.

Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Ugiriki, aliyefariki mwaka 322 KK, alirudisha jambo hili chini, kwenye maisha ya kila siku. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Tabia hujengwa na mazoea tangu utotoni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: bibi yangu hakuhitaji kufundishwa hilo na Mgiriki. Kitabu cha Aristotle cha maadili kilitafsiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9, mwanafalsafa wa Kiislamu Miskawayh akakijenga upya katika kazi yake kuhusu akhlaki, yaani tabia njema, na ni kwa njia ya Kiarabu sisi tulipata neno falsafa, lililotoka Ugiriki. Hata hulka na maadili tumeyapokea kwa mlango huohuo. Lakini ni Aristotle huyuhuyu aliyeandika kwamba wapo watu walio watumwa kwa maumbile, na kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai.

Hilo linanirudisha Misri, kwa kitu ambacho sikukiona niliposoma hadithi ile mara ya kwanza. Rensi alinyamaza kwa sababu mfalme aliagiza hivyo. Hotuba zilikuwa tamu. Zikaandikwa, mfalme afurahi kuzisikia. Khunanup alipewa mikate 10 na madumu mawili ya pombe kila siku bila kujua nani anampa, na nyumbani mkewe akapelekewa nafaka. Mwishoni haki inatolewa: mali ya Nemtynakht inaorodheshwa na kukabidhiwa Khunanup. Mafunjo yamechakaa sehemu hiyo, lakini orodha inasomeka: shayiri, ngano, punda, nguruwe. Pamoja nao wamo watu sita. Majina yao hayakuandikwa.